Muulize Bi Fundi: Dari ya gari imelegea, mfuko nao umelegea

Tangu niandike kuhusu viti vilivyochanika, barua karibu zote zinazonifikia zinatazama juu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana nusu ya majibu ya hizo nyingine yamo humo humo.

Shikamoo Bi Fundi. Gari langu lina miaka kumi na saba na injini haina neno. Shida ni kitambaa cha dari. Kilianza kulegea juu ya kioo cha nyuma, na sasa abiria wa nyuma wanakaa wameinamisha shingo kama watu waliofiwa. Nimekibana kwa pini za kushonea, lakini nikifungua vioo kinajaa upepo kama tanga, na pini zinatudondokea. Fundi mmoja amenitajia bei nisiyoiweza. Jirani yangu anasema nivute gundi kwa bomba la sindano, nichome kwenye kitambaa, nikandamize. Nimsikilize?
*Dereva anayelalamikiwa*

Marahaba mwanangu. Usimsikilize. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilijisikiliza mwenyewe.

Gari langu la kwanza lilipolegea dari nilikuwa tayari nashona makochi, nikajiona naijua gundi kuliko aliyeitengeneza. Nikajaza bomba la sindano, nikachoma matundu kama arobaini, nikakandamiza kwa kiganja, nikajipongeza. Siku ya tatu gari lilishinda juani. Niliporudi kitambaa kilikuwa kimeshuka chote, safari hii kikiwa na madoa ya manjano arobaini, kila tundu na doa lake.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba dari haina vitu viwili tu, bodi (ule ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa ulio chini ya paa) na kitambaa. Kuna cha tatu katikati: sponji nyembamba, milimita tatu hivi, iliyoshikana na kitambaa tangu kiwandani. Gundi imeshika sponji kwenye bodi. Joto la paa na unyevu wa hewa vinaila ile sponji mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa unga. Kitambaa kikianguka, gundi mara nyingi bado iko pale pale kwenye bodi, imeng'ang'ania tabaka la sponji iliyokufa. Kwa hiyo ukichoma gundi mpya unakuwa unagundisha kitambaa kwenye unga. Hakuna gundi duniani inayoshika unga.

Jipime mwenyewe: sugua kidole penye kulegea. Ukihisi kama mchanga laini unasagika ndani, au vumbi la kahawia likakudondokea begani, basi sponji imekwisha na bodi lazima ishuke. Usishtuke. Bei uliyotajiwa na fundi, sehemu kubwa ni jasho lake la kushusha, kukwangua na kurudisha. Jasho hilo unaweza kulitoa wewe ukiwa na siku mbili na rafiki mmoja.

Kwanza kabisa ni usalama, na hapa sitanii. Tazama pembeni mwa dari na kwenye nguzo za milango. Ukiona maandishi SRS au AIRBAG, kuna mifuko ya hewa iliyokunjwa juu ya vioo. Zima gari, toa waya hasi wa betri, kaa angalau dakika kumi kabla hujagusa kitu. (Kama redio yako huomba namba ya siri ikikatiwa umeme, itafute kabla, usije ukaendesha kimya mwaka mzima.) Ile mifuko yenyewe usiifungue, usiivute, wala usiibandike kitu juu yake. Ukiona huwezi kutoa dari bila kuigusa, hiyo sehemu moja mlipe fundi, na nyingine zote ufanye mwenyewe.

Halafu unatoa vinavyoishikilia dari: vikinga jua, taa ya ndani, vishikio vya abiria, plastiki za nguzo, na pale inapobidi bolti ya juu ya mkanda wa kiti. Skrubu za vishikio hujificha nyuma ya vifuniko vidogo. Viinue kwa kijiti cha plastiki, maana bisibisi huacha kovu. Raba ya mlango ivute taratibu, inatoka kwa mkono. Kila skrubu iweke kwenye bahasha yenye jina la ilikotoka. Mimi niliwahi kuzichanganya zote kwenye kopo moja, na ile jioni ya kuzirudisha siisahau. Piga picha kila hatua, hasa njia za nyaya zinazopita juu ya bodi.

Bodi yenyewe ni nyuzi zilizoshindiliwa, na nyingine zina nyuzi za kioo ndani. Haipendi kukunjwa. Laza viti vya mbele hadi mwisho, ishushe ikiwa bapa, mmoja mbele mmoja nyuma, na itoke kwa mlango mpana kuliko yote, mara nyingi ule wa nyuma kama gari lako linao. Mimi nililazimisha moja kupitia mlango wa abiria kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Ikavunjika mstari mmoja wa kukata katikati. Nilipaka gundi ngumu na kubandika kitambaa cha nyuzi upande wa juu usioonekana, ikafaa, lakini nikikaa kwenye gari lile jicho langu lilikwenda hapo hapo.

Sasa kukwangua. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu wanapochoka na kujidanganya. Chambua kitambaa cha zamani, kitatoka kama ganda la ndizi mbivu. Kinachobaki ni unga wa kahawia unaonata. Fanya kazi nje, vaa barakoa, miwani na mikono mirefu, funga nywele. Tumia brashi ngumu ya nailoni kama ile ya kufulia, usitumie ya waya, inachimba bodi. Sugua, kung'uta, sugua tena, kisha pitisha kiganja. Kiganja kikitoka na vumbi, bado. Mimi hukaa saa mbili kwenye kazi hii kwa gari dogo, na wateja wanaokuja kunichungulia huniuliza kama sijamaliza tangu asubuhi. Unga utakaouacha ndio utakaokuangusha tena.

Kitambaa nunua kile kilichotengenezwa kwa ajili ya dari, kimekwisha kubandikwa sponji nyuma. Pima bodi mahali pake parefu na papana zaidi, ukifuata mabonde na vilima vyake, usipime hewani kwa kamba iliyonyooka. Ongeza sentimita kumi na tano kila upande. Kama unataka kubana matumizi, uliza vipande vya mwisho wa jora. Dari ya gari dogo hutoshwa na kipande kifupi, na rangi ikikaribiana na plastiki za nguzo hakuna atakayeuliza.

Kwenye gundi usibane hata kidogo. Paa la gari juani linaweza kupita nyuzi joto 70, na gundi ya kawaida ya kupuliza, ile ya kubandikia karatasi na mapambo, hulainika mapema. Soma kopo: litamke kwamba ni ya kugusanisha, yaani ya kupakwa pande zote mbili kabla hazijagusana, kwamba inastahimili joto kali, na ikiwezekana litaje dari za magari. Nunua zaidi ya unavyodhani. Kuishiwa gundi nusu ya dari ni msiba wenye matanga marefu. Na mvuke wake unawaka: pasiwe na sigara, jiko wala cheche karibu.

Kubandika: tandaza kitambaa juu ya bodi, kikae sawa, kisha kunja nusu yake nyuma. Puliza bodi, puliza mgongo wa sponji, vyote viwili, kwa tabaka jepesi. Kopo likikaribia mno linalowesha sponji na kuikausha ikiwa ngumu. Subiri kwa dakika zilizoandikwa mpaka gundi inate kidoleni bila kuacha uzi. Kisha anza katikati, shusha kidogo kidogo, laza kwa kiganja kuelekea pembeni. Ukifika kwenye bonde, kama pale pa taa au vikinga jua, kisukume kitambaa kiingie mpaka chini kabla hujaenda mbele. Usikivute kipite juu ya bonde kama ngozi ya ngoma. Siku hiyo kitapendeza, na juma litakalofuata kitainuka, maana kilikuwa kinavutwa tangu mwanzo. Nusu ya pili nayo vivyo hivyo.

Iache siku nzima ndipo ukate. Pembeni bakiza sentimita tatu za kukunjia nyuma. Kwenye matundu ya taa kata alama ya msalaba na ukunje ncha ndani, usikate duara, duara halirudishwi. Kurudisha bodi ni kama kuishusha ukianzia mwisho, ila klipu zilizovunjika zibadilishe, hasa za plastiki zilizo karibu na mifuko ya hewa. Plastiki isiyokaa imara hapo si suala la urembo.

Mimi nilishusha bodi, nikakwangua vizuri, nikabandika shuka jeusi la zamani kwa sababu lilikuwepo bure. Limeshika, lakini nimepata mabaka yanayong'aa na kila kibonge cha bodi kinaonekana. Nipake rangi?
*Niliyeona bure ni bure*

Hapana, rangi itayafanya mabaka yaonekane zaidi. Shuka halina sponji. Gundi imepenya nyuzi na kutokeza upande wa pili, na bodi, ambayo haikutengenezwa ionekane, sasa inaonekana. Ile sponji ndogo ndiyo inayoficha mikwaruzo ya bodi na kuizuia gundi isifike usoni.

Kwa kuwa kukwangua umeshakwangua, kazi yako ngumu imekwisha. Chambua shuka, ondoa mabonge ya gundi, nunua kitambaa chenye sponji. Kama fedha haipo kwa sasa, endesha hivyo hivyo hadi utakapoipata. Mabaka hayamdhuru mtu.

Bi Fundi, kitambaa changu kimeshika vizuri ila kuna duara la kahawia karibu na taa ya mbele. Nimelisafisha mara tatu kwa maji ya sabuni, linakauka, linarudi kubwa zaidi. Sabuni gani ni kali kuliko hizi?
*Mwenye doa sugu*

Weka sabuni chini. Doa linalorudi lina baba yake, na hapo baba ni maji. Yanaingia mahali, yanatembea juu ya bodi, na yanakusanyika kwenye bonde la taa. Ulipoona doa sipo yalipoingilia.

Kaa ndani na tochi, mwenzako amwage maji polepole nje, akianzia chini kwenye kioo cha mbele na kupanda juu. Mkianza juu, maji yatashuka kila mahali na hamtajua lolote. Wachunguze watuhumiwa hawa: ukingo wa kioo cha mbele, kitako cha antena, bolti za reli za paa. Na kama paa lako lina kioo kinachofunguka, kuna mifereji midogo kwenye pembe zake inayoshusha maji kupitia nguzo. Ikiziba kwa majani na vumbi, maji yanaingia kwako. Usiizibue kwa waya mgumu wala kwa upepo mkali wa kompresa, bomba la ndani linaweza kuchomoka, ukahamisha ziwa kutoka kichwani hadi miguuni. Uzi laini wa nailoni unatosha.

Ukishaziba maji yanapoingilia, ndipo usafishe. Chukua povu tu, si maji: koroga sabuni ya nguo laini, chota povu la juu kwa kitambaa, gusagusa doa na eneo lote hadi kwenye mshono au ukingo, ili pasibaki mstari wa maji. Usisugue, usiloweshe. Maji mengi hulegeza gundi, na hapo utaniandikia barua kama ya yule wa kwanza. Na hizo mara tatu ulizoosha ndizo zilizolipanua doa. Usijilaumu sana, wengi hufanya hivyo.

Nauza gari mwezi ujao. Dari imelegea nyuma tu, kama upana wa viganja viwili. Kweli nishushe bodi nzima kwa ajili ya mtu nisiyemjua?
*Muuzaji*

Usishushe. Nunua pini zilizosokotwa kama kizibuo, zenye kichwa cha plastiki angavu. Wauza vifaa vya makochi wanazo. Zinazungushwa ndani ya bodi na hazidondoki kama za kushonea. Zipange kwa mistari iliyonyooka, nafasi sawa, zionekane zimekusudiwa. Zisiwe ndefu kupita unene wa bodi na nafasi iliyo juu yake, na zikae mbali na kingo zilizo juu ya milango kwa sababu ile ile ya mifuko ya hewa.

Na mnunuzi akiuliza, mwambie ni za nini. Akiinua mkono na kusugua kitambaa kwa kidole kabla hajauliza, ujue amekwisha kusoma barua ya kwanza, na bei yako itashuka.