Mkataba wa ualimu usiolingana na tangazo

Mwalimu, usisaini kwanza. Tangazo la kazi liliahidi vipindi 20 kwa wiki na nyumba. Mkataba unasema 28, nyumba haimo. Tangazo kwa kawaida ni mwaliko tu wa kuomba kazi. Kinachokubana ni ulichosaini, hasa kukiwa na kifungu kinachofuta makubaliano yote ya awali; kitafute, mara nyingi hufichwa mwishoni. Hifadhi picha ya tangazo kabla halijaondolewa. Kisha waandikie uongozi wa shule barua pepe ukitaja kila tofauti na namba ya kifungu chake, na uombe marekebisho yaingie kwenye mkataba wenyewe au kiambatisho kilichosainiwa na pande zote mbili. Ahadi ya mkuu wa shule kwenye simu ni vigumu kuithibitisha. Nyumba ikikosekana, omba posho ya pango. Na kifungu cha "majukumu mengine utakayopangiwa", kikiwemo? Waombe waweke kikomo cha saa.