Je, naweza kumfundishia mwanangu nyumbani?

SWALI: Mhariri, binti yangu wa miaka 9 husomea kwenye meza ya jikoni hapa Umoja, nami humsahihishia daftari kila jioni. Je, navunja sheria?

JIBU: Mama, bidii yako naisifu, lakini sheria haiko upande wako. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na anayekaidi anaweza kutozwa faini, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au adhabu zote mbili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ililikataa ombi la wazazi waliotaka kuwafundishia watoto wao nyumbani. Muone wakili mapema; daftari hizo, hata zikiwa safi namna gani, hazichukui nafasi ya uandikishaji.