Paneli za sola juu ya barabara? Anzeni na maegesho ya motari

Ndugu yangu, nimekuelewa: umeme wa avenyu yenu ni wa kubahatisha, na majirani wanataka kuezeka barabara kwa paneli za sola. Si wazo la kichaa. Korea Kusini wana njia ya baiskeli katikati ya barabara kuu, imefunikwa paneli. Ufaransa walizitandika kwenye lami yenyewe mwaka 2016, kilomita 1 huko Tourouvre, magari yakaziharibu. Basi juu, si chini.

Ila hapa Goma mimi ningeanza na maegesho ya motari, yaani waendesha bodaboda, kando ya barabara. Kuvusha fremu juu ya njia ya malori kunataka mita 5 na zaidi, idhini ya mairie (ofisi ya meya), na injinia wa kupiga hesabu za upepo. Halafu kuchimba mashimo ya nguzo kwenye mawe ya volkano, mtajionea! Moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo unakula mabati, sembuse chuma kisichopakwa rangi: chukueni alumini. Paneli zipeni mteremko wa nyuzi 10 hivi, mvua ioshe majivu. Nyaya na betri mwachieni fundi umeme. Paneli ikipigwa jua ina umeme hata mkizima swichi. Na boliti za kuzuia wezi, msisahau.