Barua zilizofutwa zinarudi

SWALI: Seva zetu mbili za Dovecot (programu inayowapa watumiaji barua pepe zao) zinasoma folda zilezile za barua pepe kupitia NFS (mfumo wa kutumia faili za seva nyingine kupitia mtandao). Mtu akifuta ujumbe, baadaye unarudi, na faharasa (orodha ambazo Dovecot huzitunza kuhusu barua zilizomo) zinaharibika. Tatizo liko wapi?

JIBU: Liko kwenye kache, yaani nakala za muda. Kwa kawaida, kompyuta ya Linux hukumbuka sifa za faili kwa sekunde 3 hadi 60, na za folda 30 hadi 60, kabla ya kuiuliza seva ya NFS tena. Seva moja imeshafuta, nyingine bado inaona hali ya zamani na kuandika faharasa juu yake. Dawa ya kweli ni kila mtumiaji ahudumiwe na seva moja tu kwa wakati mmoja, simu yake na kompyuta yake pamoja. Kwenye mipangilio ya Dovecot wekeni pia mmap_disable = yes (isisome faharasa kwa kuziambatisha kwenye kumbukumbu) na mail_fsync = always (kila inachoandika kihifadhiwe diskini papo hapo), ingawa peke yake havitoshi.

Mkiwa bado kwenye mbox, ambapo barua zote za folda ziko ndani ya faili moja, hamieni Maildir: kila barua ni faili lake, huandikwa kwanza ndani ya folda ya tmp, ndipo ihamie folda ya new. Na tafadhali, unganisheni NFS kwa chaguo la hard, linaloendelea kusubiri seva, kamwe si soft. Soft ikichoka kusubiri hurudisha kosa, barua ikakatika katikati. Saa za seva zote zilingane kwa NTP, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao.