Biskuti za Krismasi za Kiswidi: maswali yenu, na yale yale ya kila mwaka

Sikupata hjorthornssalt, nikatia bekingi pauda kwenye biskuti za drömmar. Mbona zimetoka ngumu?

Umeshajijibu. Hjorthornssalt ni chumvi ya amonia. Ikipata moto hugeuka gesi yote, ikaacha vitundu vidogo vingi, na ndivyo vinavyofanya drömmar imumunyuke mdomoni. Ya bekingi pauda italika, lakini usiiite drömmar.

Vipimo: siagi gramu 100, sukari gramu 270, sukari ya vanila vijiko 2 vya chai, mafuta yasiyo na harufu mililita 100, hjorthornssalt kijiko 1 cha chai, unga wa ngano gramu 240. Piga siagi na sukari hadi ziwe nyeupe, tia mafuta kidogo kidogo, kisha unga uliokwisha kuchanganywa na hiyo chumvi. Viringa vidonge kama 40, usivibonyeze. Oka kwa nyuzi 150, dakika 20 hadi 25. Wenye haraka hupandisha moto, biskuti ikawa kahawia nje huku amonia imenaswa ndani. Harufu ya kuchoma pua unapofungua oveni ni kawaida, fungua dirisha. Donge bichi lisilambwe, na watoto wasipewe bakuli wakombe. Wala usiitie kwenye keki nene: gesi haina pa kutokea, keki itanuka hata ikishapoa.

Pepparkakor, zile biskuti nyembamba za viungo, zinataka unga dl 7.5. Ni vikombe saba na nusu?

Hapana! Dl ni desilita, yaani mililita 100. Kikombe cha Kimarekani ni kama 240. Ungetia unga zaidi ya maradufu, halafu ulaumu mapishi. Nunueni mizani, jamani. Desilita ya unga ni gramu 60, ya sukari ni 85 hadi 90.

Chemsha sukari gramu 210, sirapu nyepesi mililita 50 na maji mililita 100, umimine juu ya siagi gramu 150, ukoroge hadi iyeyuke. Ikipoa tia mdalasini kijiko 1 cha chakula, tangawizi kavu na karafuu vijiko 1½ vya chai kila moja, iliki kijiko 1 cha chai, bikaboneti ya soda vijiko 1½ vya chai, na unga gramu 450. Donge litakuwa laini mno. Liache hivyo hivyo, lilale kwenye friji usiku kucha. Siagi ikiganda litasukumika. Wanaoongeza unga hapo ndio wanaoniandikia kwamba biskuti zao ni matofali. Kwenye joto la pwani toa robo ya donge kwa wakati. Sukuma unene wa milimita 2, oka kwa nyuzi 200 kama dakika 5, na usibanduke oveni.

Karafuu saga mwenyewe. Mtu wa Pemba kununua karafuu ya unga ya kopo, hilo silielewi.

Asali badala ya sirapu?

Inawezekana, ila huwahi kuungua na biskuti hulainika mapema. Punguza moto hadi nyuzi 175.

Margarini je?

Ile laini ya kupaka mkate, hapana: ina maji mengi. Ya kuokea, yenye mafuta asilimia 80, itafaa kwa pepparkakor kwa sababu viungo vinaifunika. Kwa finska pinnar, zile biskuti za siagi zenye umbo la vijiti, usithubutu, siagi ndiyo ladha yenyewe.

Desturi ya Kiswidi ni kuandaa biskuti aina saba. Lazima ziwe saba?

Hapana. Oka mbili zilizoiva vizuri.

Lussekatter zangu ni kavu.

Hiyo ni mikate ya hamira, si biskuti, lakini haya: umezidisha unga au dakika. Nyuzi 225, dakika 5 hadi 8, basi. Zafarani gramu 1 yatosha kilo ya unga. Ukizidisha inaleta uchungu.

Pepparkakor zimelainika koponi.

Ulizifungia zikiwa na joto, au umeziweka pamoja na lussekatter. Zirudishe kwenye oveni kwa nyuzi 150, dakika 4, zipoe kabisa juu ya wavu, halafu kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, peke yake.