Mifupa Shambani Si Ramani ya Dhahabu

"Nikichimba msingi nimekuta mifupa mikubwa na vyuma vyenye kutu. Je, hapo pana mali ya Mjerumani?" (Msomaji, Kisarawe)

Hapana. Halipiti juma bila swali hili, nami nimelichoka. Jeshi la Wajerumani lililokuwa likikimbizwa na Waingereza katika vita ya 1914–1918 halikuzika dhahabu na kuacha mifupa ya farasi iwe alama. Mganga na yule mwenye mashine ya kutafutia dhahabu wanakula hela yako tu. Na kuchimba mabaki ya kale bila kibali ni kosa tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

"Mnajuaje mnyama alichinjwa, hakujifia?" (Mama J., Temeke)

Umeuliza vizuri, mama. Kisu huacha mikwaruzo myembamba kwenye maungio. Fisi huacha vishimo vya meno na kutafuna ncha. Mfupa uliovunjwa ungali mbichi, mtu akitafuta uboho, hupasuka kwa mshazari. Kule Jamestown, Virginia, Marekani, walowezi wa Kiingereza walizingirwa na Wapowhatan, wenyeji wa huko, majira ya baridi ya 1609–1610. Wanaakiolojia wamekuta huko mifupa ya farasi, mbwa na paka yenye alama za kisu, na mwaka 2013 wakatangaza fuvu la msichana lenye alama hizohizo. Mifupa ya ng'ombe jaani ni jambo la kawaida. Ya farasi wa kupanda ikiwa humo, ujue njaa ilishabisha hodi.

"Mkipima mfupa mtajua ni wa Majimaji au wa vita ya 1914?" (H., Ilala)

Kwa kipimo cha kaboni, kile cha kukadiria umri wa mfupa, hapana: vita hivyo viwili vimepishana miaka michache mno. Ndiyo maana nakataza kuung'oa: kifungo au ganda la risasi lililolala pembeni yake ndilo litakalosema.

"Farasi wa Waingereza si walimalizwa na risasi za Mjerumani?" (Mwanafunzi, Kinondoni)

Wengi walimalizwa na mbung'o. Nagana, ugonjwa wa wanyama unaoletwa na mbung'o, haiachi alama kwenye mfupa, kwa hiyo usitafute tundu la risasi kila mahali. Wanyama walipokwisha, mizigo ilihamia vichwani mwa wapagazi, na kumbukumbu za Waingereza pekee zina vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Sanamu ya Askari, ya kumbukumbu ya vita hiyo, pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, imeshika bunduki; wapagazi wameachiwa nafasi ya chini, kwenye kitako chake.

"Kijana wangu kaokota chuma kizito chenye umbo la chupa. Kina thamani?" (Baba S., Mbagala)

Huenda ni bomu la vita ambalo halijalipuka. Asikigonge, wala asikipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Kiacheni kilipo, ondoeni watoto, mwiteni polisi. Leo hii, si kesho.