Mayowe ya Hollywood Bowl

SWALI: Nina sahani ya The Beatles ya 1977, iliyorekodiwa jukwaani Hollywood Bowl, ukumbi wa wazi huko Los Angeles. Mayowe yanafunika muziki. Nipunguze sauti za juu kwenye amplifaya?

JIBU: Usipunguze sana. Mayowe na matoazi yako kwenye masafa yaleyale, utaua vyote. Kanda za 1964 na 1965 zilikuwa na njia 3 tu (mikondo ya sauti inayorekodiwa kando kando), na maikrofoni za waimbaji zilinasa umati pia. Jukwaani hapakuwa na spika za kujisikilizia. Kwamba wanamuziki hawakupotezana ni ajabu kweli. George Martin, prodyuza wao, alizihamishia kanda hizo kwenye kanda ya njia nyingi ndipo akachanganya upya. Tafuta toleo la 2016: kompyuta ilipunguza mayowe, besi inasikika, na kuna nyimbo 4 za nyongeza.